Jina Lililofungwa Kijito cha Tannabar

Nilikuwa naosha vikombe vya Meza ya Bwana jikoni mwa kanisa, Clarrie aliposimamisha pikapu yake nje na kuacha injini ikiunguruma. Clarrie ni mume wa dada yangu, na kanisani kwetu hakanyagi ila kwa harusi na mazishi. Nilimwona dirishani amekaa tu, mikono juu ya usukani, kofia imemfunika macho. Moshi wa mioto ya milimani ulikuwa umetanda tangu Krismasi na jua lilikuwa jekundu kama kaa la moto.

Nikatoka nje nikiwa na kitambaa mkononi.

"Shemeji," akasema, "wameshindwa kumrudisha."

"Kumrudisha wapi?" nikauliza.

Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mfiwa ni mimi na yeye mpita njia. Nikarudi ndani nikamalizia vikombe vilivyobaki, nikavipanga kabatini, kwa kuwa sikujua la kufanya jingine. Halafu nikapanda garini.

Figo za dada zilikuwa zimekufa zamani. Mara tatu kwa wiki gari la zahanati lilimpeleka Harwell, mji mkubwa, akafungwe kwenye mashine ya kusafisha damu, na jioni alirudi amelegea kama nguo iliyokamuliwa. Wiki ile moto uliruka barabara, barabara ikafungwa. Akakosa mashine, akakosa tena. Njia ilipofunguliwa Clarrie alimpeleka mwenyewe, akipita katikati ya miti iliyokuwa bado inafuka. Walimuunganisha mipira, na moyo ukasimama. Sijamlaumu mtu. Moto haukutumwa na mtu.

Msomaji ataona simtaji dada kwa jina. Sisi ni Wawiradjuri, wenyeji wa asili wa Australia, na kwetu mtu akifa jina lake hufungwa, halitajwi, ili asigeuke nyuma akidhani anaitwa. Siku hizi wengi wameacha. Watu huchapisha jina na picha kwenye karatasi za mazishi na hakuna anayeshtuka. Lakini ukoo wetu bado una Shangazi Elvie, dada mkubwa wa baba, na maadamu yupo, la kale ni la leo. Kwa hiyo nitaandika "dada", na inatosha.

Alizaliwa hapa hapa Misheni, kijiji walichokusanywa wazee wetu na wamisionari, kando ya kijito cha Tannabar, katika nyumba ya mabati ambayo sasa imebaki sakafu tu. Bibi yetu ndiye aliyempa kila mtoto mnyama wake wa kumlinda. Mimi nilipewa kenge, nikalia siku nzima. Dada alipewa mnyama ambaye vitabu vya shule humwita kinyamadege, yule mwenye manyoya ya fuko, mkia mpana na mdomo wa bata. Bibi alimpa huyo kwa sababu ya namna alivyokula. Dada alikuwa akitiwa chakula mdomoni anafumba macho, anatafuna akiwa amefumba, na mkono wake unapapasa sahani kutafuta kingine. Kinyamadege naye hupiga mbizi amefumba macho na masikio, akisaka wadudu na kamba wa mtoni kwa mdomo wake peke yake, kwa kuwa mdomo ule huhisi hata mtetemo wa kiumbe kilichojificha chini ya jiwe.

"Huyu ni nduguye," bibi alisema, na kuanzia hapo dada aliitwa kwa jina la mnyama kuliko la kanisani.

Kupewa mnyama si mchezo. Humli, humdhuru, na akidhuriwa ni wewe umedhuriwa. Dada alilichukua jambo hilo kama wengine wanavyochukua ubatizo. Alikuwa mfagizi wa shule ya msingi, baadaye mpishi wa watoto hapo hapo shuleni, na walimu walipofundisha habari za mnyama huyo walimwita kutoka jikoni aje na aproni yake. Watoto walimpenda. Aliwaambia jinsi ngozi ya kwanza ilipopelekwa Ulaya, mabwana wa huko wakaikagua kutafuta nyuzi, wakidhani kuna mhuni ameshona mdomo wa bata kwenye mwili wa panya.

"Wakampa jina," alikuwa akisema, "wakagundua limeshachukuliwa na mdudu. Wakampa la pili. Wakampa na la tatu. Mwenyewe yuko mtoni, hakuitika hata moja."

Nakumbuka siku Clarrie alipomkuta dume amenaswa kwenye uzi wa ndoano. Akamshika kumfungua, na dume akampiga kwa ule mwiba wenye sumu ulio kwenye kisigino. Mkono ukavimba mpaka bega. Hospitali walimdunga sindano za maumivu, hazikufua dafu. Mwanamume mzima alilia. Dada alikuwa kando ya kitanda akila zabibu.

"Umekutana na shemeji yako," akamwambia. "Ulidhani utaoa kwetu bure?"

Nataka ijulikane kwamba alicheka, maana nikiandika yaliyofuata mtu anaweza kudhani maisha yake yalikuwa kilio tu. Alizaa mara mbili, na mara mbili mtoto alitoka kimya. Wamezikwa kwenye makaburi ya Misheni, kwenye safu ya watoto. Baada ya pale madaktari walimwambia figo hazitastahimili mimba nyingine. Ndipo alipomchukua Brodie, mtoto wa mdogo wake Clarrie, akiwa bado anatambaa, na akamlea mpaka akawa mwanamume wa kukata manyoya ya kondoo. Brodie alimwita Mama na hakuwa na mama mwingine. Kazi ya manyoya humpeleka mtu mbali, shamba hadi shamba huko magharibi, na alikuwa hajaja nyumbani muda mrefu.

Ukame ulipoingia, kijito kiliacha kutiririka. Kikabaki vidimbwi, vidimbwi vikawa matope, matope yakapasuka. Vinyamadege walianza kutembea nchi kavu kutafuta maji, na mbweha wakawa wanawasubiri. Tulikuta manyoya tu. Mwishowe likabaki dimbwi moja refu, jembamba kama mkanda, nyuma ya nyumba ya dada, lenye chemchemi ndogo chini yake. Lilianzia kwenye mkalitusi mkubwa na kuishia kwenye kivuko cha zamani cha magari. Humo alikuwamo jike mmoja.

Mwezi wa tisa dada alimwona akibeba majani mabichi, ameyakunja chini ya mkia, akiingia nayo ukingoni chini ya mizizi. Alikuja kwangu siku hiyo hiyo, anahema.

"Nola, anatandika kitanda. Atataga."

"Kwa ukame huu?" nikasema. "Hana akili."

"Kuzaa kuna akili gani?" akasema.

Alikaa akanieleza, ingawa nilishayasikia tangu utoto. Jike hutaga mayai mawili, laini kama ya mjusi, huyakumbatia kati ya tumbo na mkia mpaka yaanguliwe. Vitoto hutoka uchi, vipofu, kama maharage. Mama hana chuchu. Maziwa humtoka kwenye ngozi ya tumbo kama jasho, na watoto hulamba manyoya. Kila akitoka kula huziba njia ya shimo kwa udongo nyuma yake, hapa na pale, ili nyoka wala mafuriko visifike. Akirudi huzibua, huingia, huziba tena. Hufanya hivyo mpaka mwezi wa pili, watoto watakapotoka wenyewe.

Tangu siku ile dada aliweka kiti chake chini ya mkalitusi na kila jioni ambayo hakuwa kwenye mashine alikaa pale. Clarrie alileta mapipa ya maji ya kisima kwa pikapu akayamwaga dimbwini. Dada aliwaambia majirani wote wa Misheni wasitege kamba wa mtoni humo, nao wakamsikia. Miaka yote alikuwa akitoa kijitoni ile mitego ya kamba hao iliyofunikwa juu, ambayo kiumbe kikiingia hakipati pa kutokea wala pa kupumulia. Kinyamadege huvuta hewa juu. Akizuiwa dakika chache tu, amekufa. Dada aliitupa mitego hiyo bandani kwake, rundo zima, akingoja kuichoma. Lakini kuwasha moto nje kulipigwa marufuku kwa sababu ya ukame, na rundo likabaki.

Mara ya mwisho nilipokaa naye chini ya ule mkalitusi nilimwambia aje kanisani Jumapili, tumwombee yeye, tuombee na mvua.

"Niombeeni," akasema. "Mimi siwezi kuacha hapa."

"Mungu ndiye mlinzi."

"Najua. Ila Mungu hana ndoo, Nola. Ndoo ninazo mimi." Kisha akanishika mkono, mkono wake umejaa vinundu vya sindano. "Nikizidiwa, watoto hawa watoke kwanza. Mwezi wa pili. Hicho tu. Mengine fanyeni mnavyojua."

Clarrie alikuwepo. Akaitikia kwa kichwa. Mimi nikaitikia pia.

*

Clarrie aliponifikisha nyumbani kwa dada siku ile ya msiba, Shangazi Elvie alikuwa ameshaletwa na kiti chake cha magurudumu, amekaa barazani na blanketi magotini ingawa joto lilikuwa la kuchoma ngozi. Watu walikuwa wanaingia, wanamshika mkono, wanakaa chini. Alingoja tukusanyike.

"Jina lake limefungwa," akasema. "Na la mnyama wake limefungwa, letu na la kizungu. Asiitwe huyu, asiitwe yule. Mpaka nifungue mimi."

Mchungaji Neville, ambaye ni mtoto wa Misheni hii, aliinama akauliza kwa adabu kama anaweza kuomba kwa kusema "dada yetu". Shangazi akasema Mungu anajua anamsema nani. Vijana wa zimamoto wa kujitolea wakaja kusimama uani na pampu yao, kwa sababu ya ile marufuku, na ndipo tukaweza kufukiza nyumba ili roho yake isibaki humo. Shangazi aliweka majani mabichi ya mkalitusi kwenye kopo la bati, moshi ukapitishwa kila chumba, chini ya kitanda, ndani ya kabati la nguo zake.

Brodie alifika siku ya pili, ameendesha gari usiku na mchana kutoka magharibi, macho yamevimba. Alikuja na wenzake wawili wa kazini. Alipiga magoti mbele ya Shangazi, halafu akanikumbatia akasema, "Mama Mdogo, nimechelewa."

Watu walizidi. Kwetu msiba huita ukoo wote, wa mitoni na wa mijini, na kila anayekuja lazima ale. Mkate wa majivuni, uliookwa jikoni kwa sababu ya marufuku, haukutosha, nyama ya chumvi ikaisha, na siku ya mazishi ilikuwa bado mbele. Nilikuwa jikoni nikikata vitunguu niliposikia wanaume wanazungumza barazani.

"Tukatege kamba," alisema mmoja wa wenzake Brodie. "Nimeona mitego bandani, mingi kama duka."

"Kuna maji wapi?" mwingine akauliza. "Labda ya bafuni kwa mzee."

"Dimbwi la nyuma lina maji," Brodie akasema. Alijua ubaya wa mitego ile, ila huko magharibi alikuwa amesikia tu kwamba ukame umewamaliza wanyama wa Mama.

Clarrie akakohoa. Nilimwona kupitia mlangoni. Alifungua mdomo, akamtazama Shangazi Elvie aliyekuwa anasinzia kitini, akafunga mdomo. Alitaka kusema kilichomo dimbwini, na neno la kukisema lilikuwa limefungwa. Akatafuta njia ya pembeni.

"Pahali pake paacheni," akasema.

Brodie akainamisha kichwa. "Sawa, Mzee. Hatutapagusa."

Yule mwenzake akanong'ona, "Mzee ameumia. Hata kiti cha mkewe hajakiondoa pale mtini."

Mimi pia nilisikia yale maneno ya Clarrie na nikaona yametosha. Kila mtu pale aliona yametosha.

Asubuhi yake nilikuwa nimeinjika birika, Brodie akaingia uani akiburuta mtego mmoja. Mingine aliiacha njiani. Kamba walikuwa wamejaa humo, wanatambaliana, na katikati yao palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia kilicholowa. Aliuweka mtego juu ya saruji, akarudi nyuma hatua chache, akasimama mikono imelegea. Hakuweza hata kusema ni nini.

Clarrie alitoka barazani. Alichuchumaa, akakata nyavu kwa kisu, akamtoa kwa mikono miwili.

"Nilikuambia uache pahali pake," akasema, bila kupandisha sauti.

"Niliacha, Mzee." Brodie alionyesha kwa mkono kule mtini. "Sikukaribia kiti. Nilitega kule chini, kwenye kivuko."

"Maji ni yale yale."

"Sikujua kuna... Hakuna aliyeniambia kuna..."

Hakumaliza. Hakuruhusiwa kumaliza. Na ilikuwa kweli, hakuna aliyemwambia. Tulikuwa watu zaidi ya arobaini katika ua ule, karibu nusu yetu tukijua kilichomo dimbwini, na wote tulishika adabu.

Nilimpokea Clarrie yule mnyama nimweke kwenye kitambaa. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Tumboni manyoya yalikuwa yameshikana, meupe meupe, na nilipopitisha kidole kilitoka na maziwa. Yalikuwa bado yanatoka kwenye ngozi, polepole. Mimi ni mtu wa sala, nimeomba kwenye vitanda vya wagonjwa na kwenye makaburi, lakini pale nilikosa neno. Nilisimama na maziwa kidoleni sijui nipanguse wapi.

"Leteni hapa," Shangazi Elvie akaita.

Tukampelekea. Alimgusa mdomo, mkia, miguu, akamgeuza, akaona tumbo. Brodie alipiga magoti mbele yake kama siku aliyofika.

"Nipige, Bibi," akasema.

"Nikupige na mkono upi? Hata chai siwezi kuinua." Akamwekea kiganja kichwani. "Ulipoambiwa uache, uliacha. Hilo nimelisikia."

"Shangazi," nikasema, "watoto wako shimoni. Ndicho alichotuomba. Wako watu wa kuokoa wanyama, wapo Harwell. Lakini lazima tuwapigie, lazima tuwaambie ni nini."

"Waambieni ni mnyama."

"Watauliza mnyama gani. Watauliza ana ukubwa gani, anakula nini, shimo lake likoje. Hatuwezi kupita pembeni tena."

Clarrie aliniangalia vibaya. Hakuna anayemsemesha Shangazi hivyo. Yeye alivuta blanketi, akatazama ule moshi uliofunika miti.

"Dada yako hajazikwa," akasema. "Nikilifungua sasa, linamfikia akiwa bado njiani. Atageuka."

"Pengine angependa kugeuka kwa hili," nikasema.

"Wewe unaomba kanisani, hujui wafu wanapenda nini."

"Huyu namjua alipenda nini."

Nilisikia kamba wakikwaruza saruji. Shangazi alifumba macho nikadhani amesinzia tena, ndivyo anavyofanya. Kisha akasema, si kwa nguvu:

"Biladurang."

Wanawake wazee wakaficha nyuso.

"Nimefungua la mnyama," akasema. "La binti yangu bado. Pigeni simu."

*

Alikuja mama mmoja mzungu, Rosalind, na kijana mwenye kamera ndogo iliyofungwa kwenye waya mrefu. Walivua viatu barazani, wakamsalimu Shangazi, wakaenda kazini bila maneno mengi. Shimo la kinyamadege mwenye watoto si la kuonekana. Mlango wake ulikuwa nyuma ya mizizi, juu kidogo ya mahali maji yalipofikia kabla ya kupungua. Waya uliingia ukagonga udongo, ile mizibo yake. Ikabidi wachimbe kutoka juu, vishimo vyembamba, taratibu, maana ukingo ulikuwa mkavu na ungeweza kuporomoka wote. Brodie aliomba kuchimba. Alichimba siku ile yote na iliyofuata kwa kijiko cha kupalilia maua na kwa vidole. Mwenzake, yule aliyetaja mitego bandani, alimwambia apumzike ale.

"Kula wewe," Brodie akamjibu. "Wewe ndiye uliyekuwa na njaa."

Yule mwenzake akaondoka pale, na asubuhi akarudi magharibi bila kungoja mazishi. Sikumlaumu yeye, wala sikumlaumu Brodie kwa kumchoma vile.

Vishimo viwili vya kwanza viliangukia kwenye njia tupu. Cha tatu kiliingia chumbani, siku moja kabla ya mazishi, jua likiwa linashuka. Majani yalikuwa humo, yamekauka. Vitoto viwili, vina manyoya tayari, macho yamefunguka, kila kimoja kinajaza viganja viwili. Kimoja kilikuwa baridi. Cha pili kilisogeza mdomo.

Rosalind alidondosha maziwa ya unga kwenye kiganja chake mwenyewe na kile kitoto kikalamba, kidogo. Brodie alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, udongo mpaka masikioni, anatazama.

"Kitaishi?" akauliza.

"Sijui, kaka," Rosalind akasema. "Amekaa muda mrefu bila kula. Tutaendesha usiku huu huu."

Wakaondoka nacho ndani ya sanduku, na kile kilichokufa pia, kwa kuwa ndiyo sheria. Yule mama mnyama Shangazi hakuwapa. Alimfunga kwenye kitambaa cha jikoni cha dada, na Brodie akamzika juu ya ukingo, mbali na maji.

Nilikwenda kulala na tumaini. Niliomba, na safari hii maneno yalikuja. Nilimwambia Mungu kimoja tu kinatosha.

Asubuhi ya mazishi Clarrie alikuwa amevaa suti yake, anajaribu kufunga tai mbele ya kioo cha gari, simu ikalia. Alisikiliza, akashukuru, akaifunga. Akatuita mimi na Brodie.

"Kimekufa njiani," akasema. "Hawakufika Harwell."

Brodie aliuliza kama anaweza asije makaburini. Clarrie akamfunga tai na yeye, akamnyoosha kola.

"Utakuja," akasema. "Wewe ndiye mwanawe."

Hivyo ndivyo tulivyomzika dada. Kanisa lilijaa, wengine walisimama nje kwenye moshi. Watoto wa shule walikuja na sare zao. Mchungaji Neville alisema "dada yetu" kila mahali palipohitaji jina, na alipoeleza maisha yake alimtaja mnyama kwa jina letu, kwa kuwa lilikuwa limefunguliwa, na watoto walilitambua wakatazamana. Tuliimba. Wanaume sita walimbeba, Brodie na Clarrie mbele.

Kaburi lilichimbwa kwa mashine, ardhi ilikuwa ngumu kama tofali. Yuko kando ya wanawe wawili. Jeneza liliposhushwa tulipita mmoja mmoja, kila mtu na jani la mkalitusi na kiganja cha udongo. Mimi niliomba sala fupi, nikaomba apumzike, na nikamwambia kwamba watoto hawakutoka. Sikutaka aambiwe na mwingine.

Kisha wanaume wakachukua makoleo. Kwetu hupokezana, lakini Brodie hakumpa mtu koleo lake, akafukia mpaka kifusi kikaisha na shati likamshika mgongoni. Clarrie alisimama karibu naye akimngoja.

Shangazi Elvie alisukumwa mpaka ukingoni mwa kifusi. Alitaja jina la dada mara moja, lile la kanisani, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. Akangoja kidogo, aone kama atageuka. Halafu akasema limefungwa, na tukaenda kwenye magari.